Anga Jepesi, Ardhi Nzito: Redio za Setilaiti Likasi

Setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2 imesimama juu ya ikweta, kwenye nyuzi 25.9 za mashariki. Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, iko kwenye nyuzi 26.7. Tofauti haifiki hata digrii moja. Kwa mtu anayetaka kutega dishi uani kwake, maana yake ni kwamba atalielekeza kaskazini, alisogeze magharibi digrii kama nne, kisha aliinue mpaka digrii 77, karibu na utosi. Hakuna mwembe wala ukuta wa jirani utakaoziba njia. Mwenzake wa Hamburg anaitafuta setilaiti hiyohiyo kwenye digrii 27, akipambana na mapaa na miti ya mtaa mzima.

Kazi inayoilipa setilaiti hiyo ni kurusha televisheni. Lakini ndani yake mna mitambo miwili midogo iliyotengwa kwa ajili ya wanaredio wa ridhaa, nao huiita QO-100. Ilirushwa kutoka Kituo cha Anga cha Kennedy, Florida, tarehe 15 Novemba 2018 na kufunguliwa Februari 2019. Ndiyo setilaiti ya kwanza ya ridhaa iliyo katika njia ya kusimama, yaani inayozunguka sambamba na dunia hivi kwamba haitoki mahali pake angani. Inaona Afrika nzima, Ulaya, Mashariki ya Kati, na inafika Brazili upande mmoja na Thailand upande wa pili. Likasi iko karibu chini yake kabisa.

Maelezo mengi ya namna ya kujenga kituo cha nyumbani yameandikwa Ulaya na Marekani, na yanaanza na mnara, mota ya kuzungusha antena, na redio ya karibu dola 2,000. Anayeyafuata yalivyo akiwa Likasi atatumia fedha zake kutatua shida ambazo hana, na zile alizo nazo zitamsubiri palepale. Angani Likasi imebahatika. Mzigo wake uko chini: umeme, radi, karatasi za serikali, na uhaba wa watu wa kuongea nao. Kituo kinachofaa hapa ni kile kinachopangwa kwa kuanzia na mambo hayo manne.

Redio ya ridhaa ni shughuli isiyo na mshahara, na hufanywa kwa leseni. Mtu hufanya mtihani wa umeme, mawimbi na kanuni. Serikali humpa alama yake ya wito. Naye huruhusiwa kujenga mtambo kwa mikono yake na kuzungumza na wenzake wa dunia nzima kwenye masafa yaliyotengwa. Kufanya biashara humo ni marufuku, na kuficha maneno kwa msimbo wa siri ni marufuku vilevile. Kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinaieleza kuwa ni huduma ya kujielimisha, kuwasiliana na kuchunguza ufundi. Alama za Kongo zinaanzia 9Q hadi 9T. Enzi za Wabelgiji zilianza na OQ.

Mji wenyewe si mgeni wa redio. Septemba 1961, ulipokuwa bado unaitwa Jadotville, wanajeshi wa Ireland wasiozidi 160 waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa hapa na majeshi ya Katanga iliyojitenga. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 walipigana, na kilichowaunganisha na makao yao Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kilikuwa redio. Msafara wa kuwaokoa ulikwama kwenye daraja la Lufira, wakaishiwa maji na risasi, wakajisalimisha. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Desemba 1961, wanaredio wa ridhaa wa Marekani walipandisha angani setilaiti yao ya kwanza, OSCAR 1. Lilikuwa sanduku la kilo nne na nusu hivi, lililopakiwa kwenye roketi ya jeshi mahali pa uzito wa kusawazisha mzigo. Kwa wiki tatu lilituma herufi mbili tu za Morse, H na I. Watu zaidi ya 570 katika nchi 28 waliisikia na kuandika ripoti. Hivyo ilithibitika kwamba mtu binafsi, kwa kifaa alichokitengeneza mezani kwake, anaweza kushiriki mambo ya anga.

Katanga nayo iliguswa na anga, lakini kwa namna nyingine. Miaka ya 1970 Rais Mobutu aliikodishia kampuni ya Ujerumani Magharibi iitwayo OTRAG eneo kubwa la kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, juu ya bonde la mto Luvua, ili ijaribu roketi za bei nafuu. Ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya tatu, Juni 1978, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Mwaka 1979, baada ya majirani na mataifa makubwa kupiga kelele, mkataba ulivunjwa. Kule pwani, Waitalia walikuwa na jukwaa la San Marco karibu na Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 iliruka setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei. Iliitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea yake. Jina la Kiswahili, ardhi na bahari ya Waswahili, chombo cha wengine. Na Shinkolobwe, machimbo yaliyo kilomita 20 hivi kutoka Likasi, yalitoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya 1945 bila mtu wa hapa kuulizwa neno. Mimi kituo cha ridhaa kinanivutia hasa kwa sababu hii: ni sehemu ya mambo ya anga ambayo mtu wa Likasi anaweza kuimiliki mwenyewe.

Wenye umri wanaikumbuka foni. Kabla ya simu za mkononi, kila mji wa Kongo ulikuwa na vyumba vidogo vyenye redio ya masafa mafupi, betri ya gari, na waya uliotandazwa kati ya miti miwili. Mfanyabiashara alilipa ili aongee na mwenzake wa mji mwingine, na foleni nzima ikasikia bei ya mahindi yake. Haikuwa redio ya ridhaa, maana ililipiwa. Ila waendeshaji wake walijua namna ya kuishi na betri na namna ya kukata waya ukalingana na masafa, na ujuzi huo ndio nusu ya safari.

Sasa tuje kwenye setilaiti zenyewe. Ziko za namna mbili, na namna ya kwanza ni zile zinazopita chini chini. SO-50 ya Saudi Arabia, iliyorushwa tarehe 20 Desemba 2002, bado ndiyo mlango wa wengi. Inapokea kwenye megahezi 145.850 na kurudisha kwenye 436.795. Ukitaka ikuamshie mtambo wake kwa dakika 10, unatuma sauti nzito ya hezi 74.4 chini ya maneno yako. Ukitaka kuongea, unatumia hezi 67. Redio ya mkononi ya Kichina ya dola 25 au 30, zile wanazotumia walinzi wa maghala, ina uwezo huo wote. Antena yake fupi ya mpira haina. Inabidi utengeneze antena ya mishale: kipande cha mti, vijiti vya alumini au vipande vya utepe wa chuma wa kupimia, na kebo fupi. Unasimama nje, unaielekeza pale inapochomoza, na unaifuata kwa mkono huku ukiizungusha taratibu, kwa sababu mawimbi yake yanageuka ubavu kadiri inavyopita.

Inachukua dakika kumi na ushei kutoka upeo hadi upeo. Mwanzoni unaisikia kwenye 436.805, kwa sababu inakujia kwa kasi na mawimbi yanabanana. Ikifika juu yako inashuka hadi 436.795, ikiondoka unaifuata mpaka 436.785. Asiyejua hilo hukaa kwenye namba moja, akasikia sentensi mbili za katikati, kisha akailaumu redio. Kituo cha Anga cha Kimataifa kinacho kirudishi cha aina hiyo, kupokea 145.990 na kutoa 437.800, nacho kina nguvu zaidi, kwa hiyo kwa anayeanza ni rahisi kukisikia kuliko SO-50.

Iko pia AO-7, na kisa chake sichoki kukieleza. Ilirushwa tarehe 15 Novemba 1974. Katikati ya 1981 betri zake zilishikana ndani, mtambo ukanyamaza, ikafutwa kwenye orodha ya zilizo hai. Juni 2002 mtu akaisikia tena. Betri zilizoshikana zilikuwa zimekatika kabisa, na mara zilipokatika, umeme wa paneli ukapata njia ya kwenda moja kwa moja kwenye mtambo. Tangu hapo inafanya kazi ikiwa juani na kufa ikiingia kivulini, kila mzunguko. Iko juu zaidi, kilomita 1,450 hivi, na mtu wa Likasi akiipata vizuri anafika mbali kuliko kwa SO-50: Misri imo, na visiwa vya Bahari ya Hindi vimo. Lakini yenyewe na ile ya Kirusi ya 2019 iitwayo RS-44 hazitaki redio ya walinzi. Zinataka SSB, yaani sauti iliyopunguzwa upana, na zinataka usikie huku unatuma.

Hapa ndipo vitabu vya Ulaya vinampoteza mtu wa Katanga. Vinaonya kuhusu msongamano: Jumamosi asubuhi juu ya Ujerumani, watu thelathini wanaigombania SO-50 moja. Juu ya Likasi hakuna msongamano. Duara la ardhi linaloonwa na SO-50 lina nusu kipenyo cha kilomita 2,700 hivi. Ikiwa juu ya Likasi, humo mna Kongo, Zambia, Angola, Tanzania, Kenya, Msumbiji, na Afrika Kusini mpaka Johannesburg, ambako ni kilomita kama 1,700. Afrika Kusini ndiko kwenye wanaredio wengi barani. Kwingine ni wachache mno. Mtu anaweza kuita kipito kizima, yaani tangu setilaiti ichomoze mpaka itue, akaisikia sauti yake ikirudi safi kabisa, na asiitikiwe. Fedha za kununulia mota ya antena hazitakuletea wa kuongea naye. Kitakachomleta ni miadi: kuwaandikia watu wa Johannesburg, Nairobi au Ndola, mkakubaliana kipito gani na saa ngapi.

Mtu wa Likasi ana kitu cha kuwavutia, na wengi wa hapa hawana habari nacho. Wanaredio wameigawa dunia katika miraba, na hukusanya miraba waliyowasiliana nayo kwa bidii ambayo mtu wa nje ataiona kama wazimu kidogo. Katikati ya Likasi ni mraba KH39. Mstari wa digrii 11 kusini, unaopita kilomita mbili hivi kusini mwa katikati ya mji, ndio mpaka wake na KH38. Miraba yote miwili ni adimu kwa sababu hakuna vituo humo. Mwenye leseni akisimama juu ya mstari huo na redio ya mkononi na antena ya mti, kwa kipito kimoja anawapa watu miraba miwili. Akitangaza mapema, hatakosa wa kumwitikia.

Upweke huo huo ndio unaoifanya QO-100, setilaiti ya namna ya pili, iwe jambo kubwa kwa Likasi kuliko kwa Hamburg. Setilaiti haipiti, kwa hiyo hakuna haja ya mota, saa ya kipito, wala kuwahi. Saa yoyote ukiwasha, Wajerumani, Wahindi, Wabrazili na Waafrika Kusini wako hewani pamoja. Sauti yako inakwenda kilomita karibu 36,000 juu na kurudi, na robo ya sekunde baadaye unajisikia mwenyewe kwenye visikizi. Kuongea huku sauti yako inakurudia nyuma kidogo ni taabu kwa siku za kwanza, ulimi unajikwaa.

Kusikiliza kunagharimu kidogo. Setilaiti inashusha sauti za SSB kati ya megahezi 10489.5 na 10490. LNB ya kawaida ya televisheni, yaani kile kichwa cha kupokelea kinachokaa mbele ya dishi, ile ya madukani, inapunguza 9750 humo, ukabaki na karibu 740, namba ambayo kipokezi cha USB cha dola 30 au 40 kinaimudu, kompyuta ikafanya yaliyobaki. Kebo ni ileile ya televisheni. LNB inataka volti 12 ipokee mawimbi ya wima. Kasoro yake moja kubwa ni joto. Ndani yake mna kioo kidogo cha megahezi 25 ambacho mtikisiko wake unazidishwa mara 390 ili kupata 9750, na jua la Oktoba likiipiga, kioo kikiyumba kidogo tu, kuyumba huko nako kunazidishwa mara 390. Sauti uliyokuwa unaisikiliza inateleza juu au chini mpaka inageuka ya bata. Waundaji wa QO-100 waliliona hilo: waliweka mawimbi ya alama yasiyohama, na programu za kompyuta huyashika na kusahihisha zenyewe. Kivuli cha kipande cha plastiki juu ya LNB nacho kinasaidia, na ni bure.

Dishi la televisheni la sentimita 80 linatosha. Dishi hilo halitazami moja kwa moja mbele ya uso wake; linaona digrii 20 na kitu juu zaidi. Kwa hiyo ukiliweka lione digrii 77, uso wake unabaki umeinama, na maji ya mvua yanateremka. Bano lake mara nyingi halikubali kulala kiasi hicho, itabidi fundi wa kuchomelea alipanue. Lile la zamani la duara, lenye LNB katikati, litalala kama karai la kukingia mvua, na kuanzia Novemba hadi Machi Likasi mvua si haba. Litoboe tundu la chini kabisa au usilitumie.

Kulenga nako kuna njia isiyohitaji chombo. Kila mwaka, mwishoni mwa Machi na tena katikati ya Septemba kuelekea mwisho, jua hupita nyuma ya Es'hail-2 kwa mtazamo wa mtu wa Likasi, saa sita na dakika kumi au ishirini mchana kwa saa za hapa. Kwa dakika chache kelele za jua hufunika kila kitu, na wa televisheni hulalamika. Kwa anayetega dishi ni bahati: wakati huo jua na setilaiti viko mahali pamoja, kwa hiyo kivuli cha mdomo wa LNB kinaangukia palepale dishi linapotakiwa kuwa limelengwa, na kelele zikipanda kwenye kompyuta ujue umepata. Afrika ya Kati nzima ina zawadi hiyo mara mbili kwa mwaka, mradi mawingu ya Machi yakubali.

Kutuma ndiko kunakodai fedha na mikono. Sauti inapanda kwenye megahezi 2400 na kidogo, jirani kabisa na Wi-Fi, na kwa masafa hayo kebo nyembamba ya kawaida inakula karibu desibeli moja kwa kila mita. Mita kumi za kebo, na wati 10 zimekuwa wati moja. Kwa hiyo amplifaya inafungwa nyuma ya dishi, kwenye kisanduku kisichoingiza maji, na kebo ya mwisho inakuwa ya shubiri moja. Dishi la sentimita 80 linazidisha nguvu mara 200 hivi kwa upande wetu, na wati 2 hadi 5 zinatosha sauti nzuri. Zaidi ya hapo ni ukorofi. Mtambo una ulinzi uitwao LEILA: ukituma kwa nguvu kupita alama ya setilaiti, king'ora kinawekwa juu ya sauti yako, na dunia nzima inasikia kwamba huna adabu.

Mdomo wa dishi, unaotuma na kupokea kwa pamoja, ndio kifaa ninachokipenda kuliko vyote katika orodha hii. Muundo unaotumiwa sana unatokana na vipande viwili vya bati la shaba na bomba la shaba la maji la milimita 22. Bomba linapitisha mawimbi ya kupokea hadi kwenye LNB. Mabati mawili, moja dogo mbele ya jingine, ndiyo antena ya kutuma. Kosa la milimita moja linahamisha masafa yake, kwa hiyo hukatwa kwa msumeno wa meno madogo na kupimwa kwa kalipa, kisha hulehemiwa. Na mji wenyewe ni Likasi, ambako kiwanda cha Shituru kimekuwa kikisafisha shaba kwa umeme tangu 1929, na mabamba yake yakienda zake kwa reli na kwa malori. Bomba la milimita 22 huenda likalazimika kurudi kutoka ng'ambo. Lakini mikono ya kukata na kulehemu shaba haihitaji kuagizwa. Imo mitaani.

Kuhusu umeme sina maneno mengi. Kila mkazi ana yake. Mto Lufira unazalisha umeme Mwadingusha tangu 1930, na nyumba za mji zinakaa gizani. Hesabu ya kituo hiki ni nyepesi, hata hivyo. Kompyuta ndogo, kipokezi na amplifaya ya wati chache kwa pamoja havizidi wati 60. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inatoa saa kumi za kazi. Paneli ya sola ya wati 100 itairudisha kesho yake wakati wa kiangazi. Vidhibiti vya sola na inveta za bei rahisi hutoa kelele zinazofunika masafa ya chini, na watu wa foni wanalijua hilo. Kwenye megahezi 10,000 na zaidi kelele hizo hazifiki. Hapo pia QO-100 inamfaa wa Likasi kuliko redio ya masafa mafupi ambayo babu yake angeichagua.

Radi ni jambo la kufa na kupona. Kongo ni kati ya nchi zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na mnara wa mita 12 juu ya nyumba ni mwaliko. Lakini dishi linalotazama utosini halitaki kimo chochote. Liweke chini uani, kwenye nguzo fupi, mbali na paa. Hata hivyo liunganishe na fimbo ya shaba iliyozikwa ndani sana, maana udongo mwekundu wa Katanga ukikauka mwezi wa nane haupitishi umeme vizuri, na chomoa kebo dhoruba ikija. Waya wa kwenda ardhini uzike wote. Katika mji ambao nyaya za shaba za umeme wa mtaa zinaibwa usiku, waya unaong'aa nje ya nyumba hautaamka nawe.

Imebaki serikali. ARPTC ndiyo mamlaka ya posta na mawasiliano, kwa sheria za 2002, na sheria mpya ya mawasiliano ilitoka Novemba 2020. Chama cha wanaredio, ARAC, ndicho kinachoiwakilisha nchi katika umoja wa kimataifa wa wanaredio wa ridhaa. Mambo hayo yote yako Kinshasa, karibu kilomita 1,500 kutoka hapa. Mtu wa Likasi anayetaka leseni anashindana na umbali, na anashindana pia na kumbukumbu ya nchi iliyopita kwenye vita, ambamo mtu mwenye antena isiyoeleweka huulizwa anaongea na nani. Serikali iliyozima intaneti ya nchi nzima mwisho wa Desemba 2018 kwa wiki karibu tatu haiwezi kutarajiwa kuipokea redio ya mtu binafsi kwa moyo mweupe. Si haki, lakini inaeleweka.

Kwa sura, kituo cha QO-100 hakimtishi mtu. Ni dishi kati ya madishi. Jirani atauliza, “Papa, hii parabole inashikaka shene ngapi?” na jibu litakuwa refu kuliko alivyotarajia. Lakini kutoonekana hakumpi mtu ruhusa. Redio za mkononi zinauzwa sokoni kama sabuni, na wengi wanatuma bila kujua kwamba megahezi 145 na 435 si masafa ya kuulizana lori limefika wapi. Mtu wa namna hiyo akituma wakati setilaiti inapita, inaibeba sauti yake na kuimwaga juu ya nchi kumi. Kusikiliza kwa kipokezi cha USB na kutuma ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria na mbele ya wenzako.

Ndiyo maana naona mwenye kufaa kuanza ni chuo au shule kuliko mtu mmoja. Idara ya ufundi ya Chuo Kikuu cha Likasi, au shule ya sekondari ya ufundi, ikiomba leseni ya kikundi, inabeba barua yenye muhuri ambao mtu binafsi hana. Gharama zinagawanyika, mlinzi yupo, na maswali yana wa kuyajibu. Mafunzo yatakayopatikana ndiyo yanayotafutwa na migodi: kupima, kulehemu, kusoma vipimo, kutunza betri. Majirani wameshaanza upande wa pili. Kenya ilikuwa na 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018. Uganda ikawa na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022. Zote mbili ziliachiwa kutoka Kituo cha Anga cha Kimataifa, na vyombo vidogo vya namna hiyo hudumu mwaka mmoja au miwili hivi kabla ya kushuka na kuungua. Kituo cha ardhini kinabaki, na kinaweza kumsikiliza yeyote anayekuja baadaye.

Kuna watakaosema yote haya ni ya nini, Starlink ikiwa imeshapata kibali cha Kongo mwaka 2025 na WhatsApp ikiwa mfukoni mwa kila mtu. Kama kusudi ni kufikisha ujumbe, wana haki, na anayenunua dishi kwa ajili hiyo amepotea njia. Starlink inakupa sanduku lililofungwa. Likiharibika unaagiza jingine. Hapa unalifungua sanduku mwenyewe, na likiharibika unajua ni waya gani. Anayetaka kuonja bila kutumia senti, na ana intaneti, iko tovuti inayotumia dishi la Goonhilly, Uingereza, ambayo humwezesha kusikiliza QO-100 kwa simu yake leo hii.

Muda lakini una mwisho. Es'hail-2 iliundwa na Mitsubishi Electric ya Japani ili idumu zaidi ya miaka 15, yaani mpaka karibu 2033 au miaka michache baadaye, ikijaliwa mafuta. Mpaka sasa hakuna setilaiti nyingine ya ridhaa iliyosimama juu ya bara hili. Mwanafunzi wa Likasi aliye sekondari leo ana muda wa kutosha wa kusoma, kufanya mtihani, kukata shaba yake na kuitumia QO-100 miaka kadhaa, mradi faili lake lisikae mezani Kinshasa muda mrefu kuliko atakavyokaa yeye shuleni.